Mirija imefunguka, mimba iko wapi?

Mwanamume aliyefunga uzazi kisha akafunguliwa tena mirija ya mbegu huja kwangu wiki ya nane hivi baada ya upasuaji, karatasi ya maabara ameikunja mfukoni, swali lake ni moja: "Daktari, zipo?" Anauliza mbegu. Nikimwambia zipo, anashusha pumzi kana kwamba mtoto keshazaliwa. Miezi sita baadaye anarudi amenuna. Mbegu zipo, mimba hakuna. Safari ya kutoka hapa hadi pale ni ndefu, na sisi madaktari hatuielezi vya kutosha siku ya kusaini fomu ya upasuaji.

Takwimu ninazozitumia hadi leo ni za kikundi cha madaktari wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 1991, za wanaume waliofunguliwa mirija kwa kutumia hadubini. Waliofunguliwa kabla ya kutimiza miaka 3 tangu wafungwe, mbegu ziliwarudia asilimia 97, na wenza walioshika mimba walikuwa asilimia 76. Miaka 3 hadi 8 ilikuwa 88 kwa 53. Miaka 9 hadi 14, 79 kwa 44. Miaka 15 na zaidi, 71 kwa 30. Wengi huisoma namba ya kwanza na kufurahi. Mimi hutazama pengo. Kwa waliowahi ni pointi 21, kwa waliochelewa ni 41. Mrija unaweza kupitisha mbegu vizuri kabisa na bado mbegu hizo zikawa hazifiki kwenye yai.

Kwa nini? Anza na korodani: kufunga uzazi hakuzisimamishi. Mbegu huendelea kutengenezwa kila siku, zikakuta njia imekatwa, zikafa na kufyonzwa na mwili. Mwenyewe haoni tofauti, kwa sababu karibu maji yote ya shahawa hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya ujazo. Panapoumia ni epididimisi, ule mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ambao ungenyooshwa ungefika mita kadhaa. Humo ndimo mbegu hukomaa na kujifunza kuogelea. (Neno "kujifunza" ni langu, walimu wangu wasingelikubali.) Njia ikizibwa mbele, shinikizo hupanda nyuma mwaka baada ya mwaka, hata epididimisi hupasuka kwa ndani na kuziba kwa kovu. Hapo vizuizi vimekuwa viwili, na hiki cha pili hakuna daktari aliyekiweka.

Siwezi kukiona kabla ya kufungua. Nikishakata mrija upande wa korodani, nakamua tone la maji na kulitazama palepale. Yakiwa maangavu na mengi, nafurahi. Yakiwa meupe kidogo, na ndani mna mbegu au hata mikia iliyokatika, bado naunga mrija kwa mrija. Ukitoka ute mzito kama dawa ya meno, usio na mbegu hata moja, basi njia imeziba nyuma zaidi na inanibidi niunge mrija na epididimisi yenyewe. Ni kazi ngumu zaidi, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na mbegu zinaweza kuchukua hata mwaka kuonekana. Kabla ya kumkubali daktari yeyote, muulize: ukikuta ute mzito utafanyaje? Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

Turudi kwenye ile karatasi ya wiki ya nane. Mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kisha siku kadhaa kupita kwenye epididimisi. Kwa hiyo shahawa za wiki ya nane ni habari za zamani: zimebeba mbegu zilizoanza kutengenezwa kabla ya upasuaji, au zilizokuwa zimesongamana nyuma ya kizuizi. Mara nyingi idadi huanza kurudi, lakini mwendo unasuasua. Mbegu zimejaa kiooni, zimelala. Sishtuki. Ninachofuatilia ni mwelekeo, kipimo baada ya kipimo, kila miezi miwili au mitatu.

Na zile namba za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zenye mwendo, msizigeuze kuwa cheti cha kufaulu na kufeli. Zilipatikana kwa wanaume ambao wenza wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na ni kiwango ambacho asilimia 5 ya wanaume hao hao walikuwa chini yake. Nao walipata watoto.

Kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya wageni, nazo huwatisha watu kuliko zinavyostahili. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, kinga ya mwili ikiwa imeshajifunza nani ni mwenyeji, kwa hiyo zikivuja nje ya njia yake mwili huziona wageni. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofungwa huwa na kingamwili dhidi ya mbegu zao. Zikizishika mkiani, mbegu hutetemeka mahali pamoja au hugandamana. Hata hivyo wengi wenye kingamwili hizo hupata watoto, ndiyo maana sizipimi kabla ya upasuaji.

Kovu ndilo naliogopa. Kuna wanaopata mbegu nzuri, kisha mwendo unashuka, idadi inafuata, na baada ya miezi kadhaa hakuna kitu. Pale nilipoungia pamebana taratibu. Kwa hiyo nikipata sampuli nzuri nashauri igandishwe mapema.

Lakini idadi ikishuka si kovu kila mara. Niliwahi kuanza kupanga kumrudisha mgonjwa mezani kwa sababu mbegu zilikuwa zimefika sifuri. Wakati anavaa shati akanitajia, kwa kupita tu, sindano za testosteroni alizokuwa akichoma ili ajenge misuli. Homoni ikitoka nje, ubongo huacha kuiamuru korodani, na mbegu hukauka. Aliacha, tukasubiri miezi, zikarudi. Tangu siku hiyo nauliza sindano kabla ya sigara.

Jambo la mwisho halimo mwilini mwa mwanamume kabisa. Baada ya upasuaji uliofanikiwa, mimba huchukua mwaka hivi kwa wastani. Mwanamke wa miaka 28 anaweza kuusubiri mwaka huo. Wa miaka 40, mwaka huo unamgharimu mayai yake, na pengine ingefaa kuvuna mbegu na kudunga moja moja ndani ya yai maabara tangu mwanzo. Hesabu hiyo haimo kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ndiyo maana yule aliyerudi amenuna mwezi wa sita simwambii alete sampuli nyingine kwanza. Namwambia aje na mkewe.