Je, wajua kwa nini gia ya pili ndiyo hufa kwanza?

Simama kidogo kwenye karakana yoyote ya Ngara au kando ya Kirinyaga Road, jijini Nairobi, utasikia lalamiko lile lile. Gari linaingia gia ya kwanza bila taabu, ya tatu na ya nne ziko sawa, lakini ya pili inakwaruza. Inakwaruza zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, na pale dereva anapopunguza mwendo kukaribia tuta. Kwa nini iwe hiyo na si nyingine? Na kwa nini fundi akishasikia huo mlio anakwambia ununue giaboksi nzima, ilhali kilichoharibika ni gia moja?

Majibu nimeyalipia. Ndani ya mwaka mmoja nilinunua giaboksi mbili kwa gari langu dogo la lita 1.3, na ya kwanza kati ya hizo nisingehitaji kuinunua mapema vile kama ningejua haya ninayoyaandika.

Tuanze ndani ya giaboksi yenyewe. Wengi hudhani ukisukuma mti wa gia, gia moja inatembea kwenda kuumana na nyingine. Kwenye gari dogo la siku hizi, gia zote za mbele zimeumana muda wote, meno kwa meno, hata gari likiwa nyutro. Katika kila jozi, gia moja imekazwa kwenye shafti yake, na mwenzake anaelea juu ya shafti ya pili, akizunguka bila kuivuta. Kuingiza gia ni kusogeza bangili ya chuma inayoifunga ile gia inayoelea kwenye shafti. Shida ni kwamba bangili na gia huwa zinazunguka kwa kasi tofauti.

Mwangalie makanga wa matatu linaloondoka stejini. Hulidandia kutoka aliposimama? Hapana. Hukimbia kwanza sambamba na mlango mpaka mwendo wake ulingane na wa gari, ndipo anashika bomba na kuruka ndani. Giaboksi nayo ina makanga wake, anaitwa sinkronaiza: pete ya shaba ya manjano iliyo kati ya bangili na gia. Unapoingiza gia, bangili huisukuma pete hiyo ikabana koni iliyo ubavuni mwa gia, na msuguano ukalazimisha kasi zilingane. Pete ina meno madogo yanayoizuia bangili kupita kabla ya wakati. Kasi zikishalingana, njia hufunguka na gia huingia kwa mguso laini unaousikia mkononi. Upande wa ndani wa pete una mifereji myembamba, kama nyayo za kiatu, inayokata utando wa mafuta ili shaba ishike chuma. Nyayo zikiisha, makanga anateleza. Bangili hufika mapema, meno hugongana, na mkwaruzo unaousikia ndio huo.

Ufundi huu si wa jana. Cadillac ndiyo iliyouweka kwanza kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928, kwa ubunifu wa mhandisi Mmarekani Earl Thompson. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na kukisia kasi kwa sikio. Waliowahi kuendesha malori ya zamani wanayajua hayo.

Sasa tupige hesabu ya gia ya pili. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, uwiano wa gia ya kwanza, yaani mizunguko ya shafti inayotoka kwenye klachi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti ya kutokea, ni karibu 3.5, ya pili 1.9, ya tatu 1.3 na ya nne karibu 1. Ukitoka gia ya kwanza injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, shafti ya klachi lazima ishuke hadi karibu 2,170 ndipo ya pili iingie. Pete imetakiwa iondoe mizunguko zaidi ya 1,800, na mkono wako unataka ifanye hivyo kufumba na kufumbua. Kutoka ya tatu kwenda ya nne kwa kasi ile ile ya injini, pengo ni kama 920 tu, nusu yake. Halafu weka hilo pengo kubwa barabarani kwetu. Kutoka Donholm hadi mjini kwa Jogoo Road saa moja asubuhi, ni ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, mpaka ufike. Gia ya nne inaweza kushinda siku nzima bila kuguswa. Matuta nayo yana dhambi yake: dereva yuko gia ya tatu, tuta linamtokea ghafla, anaichomeka ya pili kabla ya kukanyaga breki vizuri. Pete ambayo kazi yake ilikuwa kupunguza kasi sasa inalazimishwa kuiongeza, na kwa nguvu.

Ya kurudi nyuma ni habari nyingine. Kwenye magari mengi madogo haina sinkronaiza kabisa, na meno yake yamekatwa wima badala ya mshazari, ndiyo maana gari linalia "wiii" likirudi nyuma. Mlio huo si ugonjwa. Ikikwaruza, kanyaga klachi, hesabu sekunde mbili au tatu shafti itulie, kisha ingiza.

Lakini matumizi peke yake huisaga pete polepole, kwa miaka mingi. Kinachoiua haraka ni klachi isiyoachia. Ukikanyaga klachi, injini inapaswa kutengana kabisa na giaboksi, ili pete ishughulike na uzito wa shafti na klachi pleti tu. Klachi ikiachia nusu, injini inaendelea kuizungusha shafti, na kile kipete chembamba kinashindana na injini nzima. Hakina uwezo huo. Sababu huwa ndogo na za bei nafuu: kebo iliyolegea, au mafuta yanayovuja kwenye masta silinda, pampu ndogo inayosukumwa na pedali, au kwenye sileve, ile silinda ndogo ya chini inayosukuma uma wa klachi. Pedali inakuwa laini, gia zinaanza kuingia karibu na sakafu, na kikopo cha mafuta ya klachi kinahitaji kujazwa kila baada ya wiki chache.

Hapo ndipo nilipoumia. Fundi wa kwanza alisikia mkwaruzo, akashusha giaboksi, akapandisha nyingine, akaniachia sileve ile ile inayovuja. Baada ya miezi minne gia ya pili ikarudia wimbo wake. Fundi wa pili, mzee wa makamo aliyenyamaza sana, hakugusa spana. Aliketi kwenye kiti changu, akazima injini, akapitisha gia zote tano. Ziliingia kama kisu kwenye siagi. Akawasha injini, akakanyaga klachi mpaka chini, akajaribu tena. Zilikataa, na ya kurudi nyuma ikapiga kelele. Akaniambia, "Mama, ugonjwa wako ulianzia kwenye klachi. Hata ukiweka giaboksi mpya kutoka kiwandani, itakufa."

Jaribio hilo halihitaji fundi. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa imewashwa, anza na klachi. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tazama kebo za gia na uma wa ndani unaosogeza bangili. Kelele inayosikika nyutro na kupotea ukikanyaga klachi aghalabu ni beringi ya shafti ya klachi. Ile inayoanza ukikanyaga ni rilizi beringi, ile inayosukumwa na uma wa klachi ili iachie, ambayo haimo ndani ya giaboksi hata kidogo. Mvumo ulio kwenye gia moja tu unatoka kwenye gia hiyo. Gia inayojirukia yenyewe na kurudi nyutro ina meno ya kufungia yaliyochakaa au uma uliolika, ingawa angalia kwanza maunting, zile raba zinazoshikilia injini, kama hazijakatika. Uma huo, kwa njia, huliwa na dereva anayepumzisha mkono juu ya mti wa gia njia nzima.

Muuaji wa pili ni mafuta. Giaboksi ya gari dogo hubeba kama lita mbili tu, na kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lita hizo hizo hulainisha difu pia, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Watu hubadilisha mafuta ya injini kwa uaminifu mkubwa na hawagusi ya giaboksi mpaka siku ya msiba. Kuna upotevu mmoja ambao umeua giaboksi nyingi kimyakimya: unapobadilishiwa joint ya shafti ya gurudumu, shafti ikichomolewa mafuta humwagika, kisha kila kitu kinafungwa bila kuyarudisha. Gari linaondoka likiwa na lita moja. Kwenye giaboksi nyingi, gia ya tano imekaa pembeni kabisa, nyuma ya kifuniko cha mwisho, na ndiyo ya kwanza kukosa mafuta. Miezi michache baadaye, ukiwa Thika Road kwa mwendo wa 90, inaanza kuvuma.

Aina ya mafuta nayo ni muhimu. Mafuta ya gia hupangwa kwa madaraja kama GL-4 na GL-5. Mkebe ulioandikwa GL-5 umetengenezewa hasa difu za nyuma, una viambata vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Mafuta hayo huteleza mno hata pete ikashindwa kushika, na baadhi yake hushambulia shaba yakipata moto. Magari mengi madogo yanataka GL-4, mara nyingi ya uzito wa 75W-90, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Na kama gia ya pili inakwaruza asubuhi za baridi za Julai tu, ikapona baada ya dakika kumi, badilisha mafuta kwanza kabla ya kumwita mtu ashushe chochote. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, umekwama na giaboksi kavu.

Sasa, kwa nini wauze giaboksi nzima? Pete yenyewe ni kitu kidogo. Kuifikia kunataka kufungua giaboksi yote, kuvuta beringi kwa vifaa maalum, kuzirudisha kwa presi, na kupima nafasi kati ya pete na gia kwa vipande vyembamba vya kupimia ambavyo karakana nyingi za wazi hazina. Hiyo ni siku nzima au mbili, na pete ya gari lako huenda iagizwe. Kwa upande mwingine, kuna giaboksi zilizokwisha kushushwa Japani. Huko gari la mtu binafsi hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa gharama inayowafanya wengi waliache likiwa bado zima, na vipuri vyake huja kwetu. Ila magari yenyewe tunayoyaagiza, yasiyozidi miaka minane kwa mujibu wa kanuni zetu, sehemu kubwa ni ya otomatiki. Giaboksi za klachi zinazopatikana kwa urahisi ni zile za magari ya kazi kama Probox na AD Van. Mwenye gari lisilo la kawaida ana haki ya kufikiria kukarabati yake.

Ukienda Grogan, eneo ambalo bado linabeba jina la zamani la Kirinyaga Road, nenda na msimbo wa giaboksi uliosomwa kwenye kibati cha gari, usiende na jina la gari peke yake. Giaboksi mbili zinaweza kufanana kama pacha huku moja ikiwa na uwiano tofauti wa difu, au ikitumia kebo ya spidomita wakati gari lako linataka sensa. Zungusha shafti ya klachi kwa mkono katika kila gia na uhisi kama kuna mahali panapokwama. Itikise: mchezo mdogo ni kawaida, kugonga si kawaida. Ingiza kidole penye nati ya mafuta, usugue. Unga wa kung'aa wa rangi ya dhahabu ni shaba, mdogo hauna neno. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi ni meno ya gia, achana na giaboksi hiyo. Kutu ni dalili kwamba imenyeshewa. Hata hivyo, sinkronaiza haiwezi kujulikana vizuri giaboksi ikiwa juu ya meza, kwa hiyo pigania siku za majaribio na ziandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya giaboksi. Anayekataa kuandika risiti ana sababu yake, na huenda ni ya mali ya wizi.

Ikishashuka ya zamani, usione choyo. Badilisha klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kama zimechoka, sili ya nyuma ya krankshafti na zile za shafti za magurudumu, kwa maana ufundi wa kushusha ndio ghali. Simama pale inapopandishwa: isiachwe ikining'inia kwenye shafti yake katikati ya klachi, maana hupinda pleti, na klachi iliyopindika haiachii. Nyingi huja zikiwa kavu kabisa, kwa hiyo jaza mafuta mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa juu ya ardhi, kabla ya kuwasha.

Na ile ya zamani ichukue mwenyewe. Karakana nyingi huihesabu kuwa yao usipouliza, na ndani yake kuna difu, beringi na gia tatu au nne zisizo na kasoro. Yangu ya awali iko chini ya ngazi, imefungwa kwa gunia. Gia yake ya pili tu ndiyo iliyokufa.