Chumba Hakirekebishwi: Maana ya Usahihishaji wa Sauti Kidijitali

Wiki jana, katika duka moja la redio hapa Kisumu, nilimsikia muuzaji akimwambia mteja, "Mama, hii amplifaya inarekebisha chumba chenyewe, hata zulia hutahitaji." Ni mara ya tatu mwezi huu kuyasikia maneno hayo, na yule mama alikuwa ameshatoa pesa.

Dhana yenyewe, usahihishaji wa sauti kidijitali, ni fupi. Maikrofoni huwekwa pale unapoketi, spika hupiga mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000 (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde), programu hulinganisha kilichotoka na kilichofika, kisha hutengeneza kichujio kinachoubadilisha muziki kabla haujafika kwenye spika. Sio ikwalaiza ya kawaida: ile unaizungusha kwa kufuata sikio lako, hii inafuata kipimo.

Tatizo liko kwenye jina. Kiingereza, kwa kusema "room correction", kimeliweka neno chumba ndani yake, nasi tukalichukua vivyo hivyo: "kurekebisha chumba". Kurekebisha ni kazi ya fundi aliyeitiwa mlango usiofunga. Kusahihisha ni kazi ya mwalimu na daftari, dawati haligusi. Na sahihi, neno tulilolipata kwa Waarabu, lina mzizi mmoja na siha, yaani afya. Kilicho sahihi ni kizima, hakina maradhi. Sasa tazama hapa: mgonjwa ni chumba, anayemeza dawa ni muziki. Kuta za simiti, vigae na madirisha makubwa yasiyo na pazia hubaki vile vile.

Chukua sebule yenye urefu wa mita 4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya wimbi la hezi 43 hivi hujaa barabara kati ya kuta mbili zinazotazamana. Uzi mnene wa gitaa la besi hupiga hezi 41, jirani kabisa. Ndiyo maana besi ya benga hunguruma ukiegemea ukuta wa nyuma, na ukiketi katikati inapotea kana kwamba mpigaji ameondoka. Ile ngurumo programu inaweza kuipunguza, na inaipunguza vizuri sana. Mimi mwenyewe siwezi tena kusikiliza bila kipimo. Lakini lile pengo la katikati haliwezi kulijaza. Wimbi linalotoka na lile linalorudi ukutani yanauana hapo, na ukiongeza moja umeongeza yote mawili. Ukilazimisha kwa kupandisha sauti desibeli 10, amplifaya inadaiwa nguvu mara kumi: wati 50 zinakuwa 500, na spika ndiyo itakayoungua. Dawa ya pengo ni kusogeza kiti.

Mwangwi nao ni hivyo hivyo. Piga kofi moja sebuleni; ukisikia mlio mkali ukitetemeka baada ya kofi, dawa yake ni zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu. Anza na hivyo, halafu ndipo upime.

Nilimsubiri yule mama atoke, nikamsalimia yule kijana muuzaji, kisha nikamwambia polepole: ndugu yangu, mashine yako ni nzuri, iuze. Ila sema inasahihisha sauti kwa ajili ya chumba, tena kwa kiti kile kilichopimiwa. Na zulia mwachie mteja anunue.