Simu Kutoka Nje: Kufunguliwa Si Kuendana na Mtandao

Malalamiko yanayotufikia kuhusu simu zilizonunuliwa nje ya nchi yanaongezeka, na mengi yanafanana: muuzaji alisema simu "imefunguliwa", mnunuzi akatia laini yake, mtandao haushiki. Ieleweke kwamba simu iliyofunguliwa ni ile ambayo kampuni iliyoiuza mara ya kwanza haiizuii tena kutumia laini ya kampuni nyingine, basi. Kufunguliwa hakuiongezei simu masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mtandao, ambayo haikuundwa nayo, na anayeahidi kuyaongeza kwa programu hasemi kweli.

Mitandao ya 2G barani Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia hutumia megahezi 900 na 1800, ilhali ya Marekani ilijengwa kwenye 850 na 1900. Kwa upande wa 4G masafa yamegawanywa katika bendi zenye namba, kwa mfano bendi ya 3 ni megahezi 1800, ya 20 ni 800 na ya 28 ni 700. Simu ya jina lilelile hutolewa kwa matoleo kadhaa yenye bendi tofauti kulingana na soko, kwa hiyo kutuuliza kwa jina la simu peke yake hakusaidii. Inayotakiwa ni namba ya modeli, ambayo iko kwenye boksi na ndani ya mipangilio ya simu. Kwa namba hiyo utapata orodha ya bendi kwa mtengenezaji, uilinganishe na bendi za mtoa huduma wako, na ufanye hivyo kabla ya kulipa.

Mteja mmoja alituletea simu iliyoonyesha 4G na intaneti ikienda vizuri, lakini kila alipopiga, alama ya 4G ilitoweka na simu ikakatika kabla ya kuita. Modeli ile haikuwezeshwa kupitisha sauti kwenye 4G ya mtandao wake, hivyo ilishuka kutafuta 3G, ambayo kwa bendi zake haikuwepo. Mtoa huduma aulizwe hasa kuhusu sauti, kwa kuwa kuona intaneti inafanya kazi hakutoshi. Vilevile, iPhone 14 ya mwaka 2022 iliyouzwa Marekani haina tundu la laini, na itamfaa tu mwenye mtandao unaotoa laini ya kielektroniki (eSIM), isiyo na kadi ya kutia.

Kuhusu IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kila simu, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ambazo 8 za mwanzo hutambulisha modeli. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi, na zikitofautiana usinunue, kwa sababu huenda ni ya wizi, na simu iliyoripotiwa kuibwa inaweza kufungiwa hata baada ya kufanya kazi kwa miezi kadhaa. Wapo wanaodhani dawa ni kubadilishiwa IMEI na fundi. Hilo ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Uingereza, kwa mfano, ililitungia sheria mwaka 2002 yenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5, na kutojua hakumwokoi mwenye kutenda.

Anayeleta malalamiko afike na simu yenyewe, risiti, boksi, IMEI zote na namba ya modeli. Namba ya modeli ikikosekana, ofisa hana cha kulinganisha na bendi za mtandao, na atalazimika kumrudisha mteja akaitafute.