Simbilisi wako hajakonda kwa uzee

"Daktari, si uzee tu huo?" Juzi mama mmoja kaniletea simbilisi wa miaka 4, ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili, na swali lilikuwa hilohilo. Jamani.

Simbilisi akitunzwa anafika miaka 5 mpaka 8, kwa hiyo wa miaka 4 ni mtu mzima, bado hajawa kikongwe. Na kikongwe wa kweli anabadilika, sikatai. Analala zaidi, kucha zinakuwa nene na kujikunja, jicho linaweza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho (anaishi nalo vizuri tu, we usimhamishie vyombo), na dume mzee misuli ya nyuma inalegea kinyesi kinamkwama, itabidi umtolee kwa mkono, pole sana. Jike akinyonyoka manyoya mbavu zote mbili sawasawa, hapo usiseme uzee, mara nyingi ni vifuko vya maji kwenye ovari, mlete.

Sasa kukonda. Kila mtu anamfunua midomo, anaona meno ya mbele meupe, anaridhika. Simbilisi ana meno 20 na yote yanakua mpaka siku anakufa, na 16 yako huko nyuma usikoona! Anayapunguza kwa kusaga nyasi. Ukimlisha pumba na karoti tu, magego ya chini yanarefuka yanalalia ndani mpaka yanakutana juu ya ulimi kama daraja, ulimi unabanwa, kumeza hawezi. Utamwona anakimbilia bakuli, ananusa, anaokota kipande, kinamdondoka, anaondoka, na mwenyewe anakuja kuniambia hana hamu ya kula, wakati hamu anayo tele ila mdomo umefungwa kwa ndani.

Na mimi nisijifanye fundi, kile kimdomo ni chembamba na mashavu yanaziba, nimeshawahi kumcheki mmoja akiwa macho nikasema magego safi, wiki iliyofuata nikamlaza kwa nusu kaputi nikalikuta daraja limekamilika. Wa miaka 6 kumpiga nusu kaputi bado kunaniogopesha. Kuna siku nimesita, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Halafu chakula cha sungura cha agrovet. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi tu. Akiikosa wiki chache viungo vinavimba, manyoya yanafifia, hataki kutembea, yaani anafanana kabisa na mzee, na watu wanamwachia afe "kwa umri". Mpe hoho kila siku, kipande tu.

Yule wa juzi mizani ilisoma gramu 640, na mama anasema mwaka jana alikuwa karibu kilo nzima. Nimemwambia ampime kila Jumapili na aandike. Kaniuliza kama mizani yake ya kupimia unga itafaa. Itafaa.