Kununua Gari Yadi, Kulipeleka Gereji: Kilichosemwa na Kilichoandikwa

Mwaka 2017 nilinunua Toyota Raum kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam. Dashibodi ilisoma kilomita 84,000. Nilisikiliza injini, nikaliendesha gari mpaka Mwenge na kurudi, nikaridhika, nikalipa. Wiki ya pili, nikiwa ninalifuta vumbi, nikaona stika ndogo kwenye ubavu wa mlango wa dereva. Ilikuwa ya gereji ya Japani, ya kumkumbusha mwenye gari lini alibadilisha oili. Iliandikwa H26, na chini yake kilomita 131,400.

H ni kifupi cha Heisei, jina la enzi ya mfalme ambalo Wajapani hulitumia kuhesabia miaka. Ukijumlisha 1988 na 26 unapata 2014. Maana yake ni kwamba miaka mitatu kabla sijalinunua, gari lilikuwa limeshapita hizo 84,000 kwa zaidi ya kilomita 47,000.

Nilirudi yadi na picha ya stika. Muuzaji hakunifokea. Aliniomba tu nimwonyeshe mahali alipoandika kwamba gari limetembea kilomita 84,000. Nilitoa risiti: "Toyota Raum moja, imelipwa yote." Sikuwa na karatasi nyingine. Kilomita aliniambia kwa mdomo, na nilikubali kwa mdomo.

Ninafundisha ufundi wa magari chuoni, na watu huleta magari kwenye karakana yetu ya mafunzo wakiwa wameshaumia. Karibu malalamiko yote ninayosikia yanafanana na yangu. Yadi alisema gia boksi haina shida. Dalali alisema gari lilikuwa la mama mmoja wa ofisini. Fundi alisema ameweka spea mpya. Ukiuliza ilipoandikwa, mtu anabaki anakutazama. Ndiyo maana nataka tuzungumzie karatasi, na namna ya kulisoma gari lenyewe, kwa sababu gari nalo lina maandishi yake.

Tuanze na kilomita. Mita za kisasa ni za kielektroniki, na kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Hivyo namba ya dashibodi ichukulie kama dai la muuzaji, kisha tafuta ushahidi wake. Stika za oili hukaa kwenye ubavu wa mlango au chini ya boneti; R3 ni Reiwa ya tatu, unajumlisha 2018 unapata 2021. Magari yenye mkanda wa taimingi mara nyingi hubandikwa stika nyingine ndani ya boneti inayotaja kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Omba pia nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kwa kuwa huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya kule. Kama gari lilipita mnadani huko Japani, lina karatasi ya mnada yenye daraja la ubora. Daraja 4 au 4.5 ni gari zuri la mtumba. Ukiona R au RA, jua liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, XX ni sehemu iliyobadilishwa, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Yadi inayoagiza magari yenyewe inaweza kukupatia karatasi hii. Ikikwambia imepotea, bei na izungumzwe kama ya gari lisilo na historia.

Kuna mambo mengine unayoweza kuyasoma bila kuuliza mtu. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: chini kabisa kuna lebo, na mara nyingi ina mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na mingine, jiulize uliondolewa kwa nini. Tairi zina tarakimu nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usukani uliong'aa kwa kushikwa na pedali ya breki iliyolika haviendani na kilomita 60,000. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, ama ukutani nyuma ya injini ama chini ya kiti cha abiria wa mbele, ifanane herufi kwa herufi na iliyo kwenye kadi.

Ukienda kulijaribu, nenda asubuhi na uombe lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha mengi: ugumu wa kuwaka, mlio wa cheni, moshi wa bluu wa sekunde chache za kwanza unaoonyesha kwamba oili inapita mahali isipotakiwa. Kisha liendeshe kwa nusu saa walau, upate foleni na upate mlima. Gia boksi mbovu huwa na adabu ikiwa ya baridi, hasa zile za CVT, yaani za otomatiki zisizo na hatua za gia. Oili yake ikipata moto ndipo gari linaanza kutetemeka kwenye mwendo mdogo au kuchelewa kuondoka. Kuzunguka yadi mara mbili hakukuonyeshi chochote.

Nenda na fundi wako, na umlipe mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu fundi aliyekuunganisha na yadi, au dalali aliyekutafutia fundi, huenda ana cha juu chake kwenye bei unayolipa. Fundi akikupa jibu la kulikataa gari, ulipe jibu hilo kwa moyo mweupe kama ungelipia la kulikubali.

Upande wa hati sitakaa sana. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, au awe na idhini ya maandishi ya mwenye jina. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho kwa kutumia namba ya gari kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukinunua kwa mfanyabiashara. Na uhamisho wa umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato, TRA, ufanyike mapema. Nimeona watu wakiendesha gari miaka minne kwa kadi ya mtu mwingine; siku ya ajali, au siku mwenye jina anapofariki, ndipo wanaanza kutafutana na warithi.

Kisheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Hii ya pili inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Ile ya kwanza inataka bidhaa inayouzwa na mwenye biashara hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa, lakini ina sharti ambalo wengi hawalijui: ukishaikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Ukaguzi wa juujuu kwa hiyo unaweza kukudhuru. Kagua kwa kina, na yale usiyoweza kuyaona kwa macho, kama kilomita, ajali za nyuma na hali ya ndani ya gia boksi, yaandikwe kwenye mkataba kama kauli za muuzaji, chini yake saini yake. Hapo una cha kupeleka mbele ya chombo chochote.

Sasa gereji, na hapa ndipo roho inaponiuma zaidi, kwa sababu hawa ni watu wa fani yangu, wengine nimewafundisha mimi.

Lipo zoea la kutoa thamostati. Gari likichemsha, fundi anaing'oa na kumwambia mteja kwamba nchi yetu ni ya joto, kidude hicho ni cha Ulaya. Si kweli. Thamostati ni mlango unaozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwenye nyuzi themanini na kitu. Ukiing'oa, injini inabaki ya ubaridi ukiwa barabara kuu, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Ulaji wa mafuta unapanda, oili inachafuka mapema, na kile kilichosababisha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au gasketi ya silinda hedi, kinaendelea kuiua injini polepole. Maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, yanamalizia kazi kwa kutu.

Zoea la pili ni oili ya gia. Magari mengi yaliyoingia miaka ya karibuni, kama Toyota Premio za kuanzia 2007, yana CVT, yenye mkanda wa chuma unaoshika puli mbili. Inataka oili yake maalumu. Ukiweka ATF, oili ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, ule mshiko unapotea, mkanda unateleza na kukwangua puli. Gari halifi siku hiyo. Linakufa miezi kadhaa baadaye, mteja akiwa ameshasahau, na anaambiwa anunue gia boksi nzima ya mtumba.

La tatu ni masega, yaliyo ndani ya lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi linalopunguza sumu ya moshi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, ndiyo maana yana wanunuzi. Ukiambiwa masega "yameziba, tumeyatoa," uliza yako wapi.

Dawa yangu ni ndogo na inafanya kazi hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Unapokabidhi gari, piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta, na picha ya injini. Andikeni kwenye karatasi au ujumbe wa simu: tatizo ni hili, kitakachofanyika ni hiki, oili ni aina hii, bei ni hii, na hakuna kinachoongezwa bila kunipigia. Spea iliyotolewa urudishiwe mkononi. Fundi mwaminifu hakasirikii hili, maana linamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayerudi na tatizo jipya akisema umeniharibia wewe.

Mwaka juzi nilikwenda kumsaidia shemeji yangu kununua gari kwenye yadi nyingine. Dashibodi ilisoma 78,000. Stika zote zilikuwa zimebanduliwa, gundi imebaki. Sikubishana. Nilimwambia yule kijana wa yadi, "Mdogo wangu, andika hapo kwenye mkataba kwamba gari limetembea kilomita 78,000, kisha uweke saini." Alikaa kimya, akaenda kuzungumza na bosi wake. Aliporudi aliandika: "Kilomita hazijathibitishwa." Bei ikashuka kwa milioni moja na nusu, na shemeji akalichukua akijua anachonunua.