Mume naye apimwe: maswali mnayoniuliza kuhusu kukosa mtoto na kuasili mtoto wa kwenda naye nje

Mimi ni muuguzi mkunga, niko kliniki ya kina mama hapa Dar mwaka wa 17 sasa, na simu yangu haipumziki kwa maswali ya watu wanaotafuta mtoto. Mengi yanafanana kwahiyo nimeamua kuyajibu pamoja. Kuna wanandoa nimekuwa nao tangu wanakaa Mbagala mpaka wakahamia Marekani, ntakuwa nawarudia humu, ruhusa wamenipa ila majina hapana.

Ni lini tunasema kuna tatizo la uzazi?

Mmeshiriki tendo bila kinga, mara kwa mara, mwaka mzima, mimba hamna: njooni. Mwanamke akiwa na miaka 35 na kuendelea msingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Kama hedhi inakuja inavyojisikia, au ulishaugua PID, yani maambukizi kwenye kizazi na mirija, au mume alishafanyiwa opereshini ya korodani, njooni hata kesho. Aliyezaa wa kwanza naye anaweza kukwama kwa wa pili, msishangae. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia hili maishani mwake, kwahiyo aliyekaa benchi pembeni yako pale kliniki hakuangalii vibaya, naye kaja na lake.

Nimeandika njooni. Wawili.

Shikamoo sista. Nina miaka 4 kwenye ndoa sijashika mimba, nimepima kila kitu naambiwa niko sawa. Mume wangu anasema yeye hana tatizo maana nguvu anazo. Nifanye nini?

Marhaba mdogo wangu. Mumeo apimwe mbegu.

Hili nalisema kila siku ya Mungu na bado kila siku naletewa mwanamke peke yake na faili nene kama msahafu. Nguvu za kiume ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine kabisa. Yale maji anayomwaga mwanaume sehemu kubwa yanatoka kwenye tezi, mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno ya yale maji na hazionekani kwa macho, ni mpaka darubini. Mtu anaweza akawa na nguvu zake zote, maji mazito na mengi tu, tukiweka chini ya darubini hamna mbegu hata moja. Na kwa wanandoa wanaokosa mtoto, karibu nusu yao upande wa mwanaume umo, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Nusu! Sasa unampimaje mmoja?

Wale wanandoa wangu, mke alianza kuhangaika ana miaka 26. Kapigwa ultrasaundi mara tano, kipimo cha mirija mara mbili na kile kinauma waliopitia wanajua, kameza vidonge vya kupevusha mayai miezi na miezi na hakuna aliyemuuliza mumeo yuko wapi, mawifi washaanza kumwita mgumba mbele ya wageni, miaka 6 imekatika hivyo. Mume mwenyewe mtu mzuri tu, anampenda mkewe, ila kila mkewe akimwambia akapime anasema kwao hakuna mgumba. Siku aliyokubali ilichukua asubuhi moja na kikopo kimoja. Majibu: sifuri. Alipokuwa na miaka 19 aliugua matubwitubwi, korodani zikavimba, akapewa panadol akarudi nyumbani, hakuna aliyewaza tena.

Asubuhi moja, jamani. Walingoja miaka 6.

Lakini mume wangu ana mtoto wa nje wa miaka 9, si ina maana tatizo ni mimi?

Hapana. Apimwe. Mtoto wa miaka 9 anaonyesha mbegu zilikuwepo miaka 9 iliyopita, basi. Tangu hapo kapita gono ngapi, sigara, pombe, mishipa ya korodani kuvimba. Na siku hizi naona vijana wa gym wanaochoma sindano za testosteroni, hawa wananiumiza roho, kwa sababu mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje unaacha kutengeneza mbegu, kijana kifua kama ukuta na mbegu hana. Wengi zinarudi wakiacha ila inachukua miezi mingi, na wengine haziji kama zamani.

Hicho kipimo kinafanyikaje? Anaona aibu.

Hakuna sindano hakuna kisu. Anakaa bila kumwaga siku 2 mpaka 7, anatoa kwenye kikopo safi tulichompa sisi, yote bila kumwagika, na ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, kwahiyo bora atolee hapohapo hospitali kuliko kupanda nayo daladala kwenye foleni ya Mbagala. Asitumie kondomu ya dukani, nyingi zina vitu vinavyoharibu mbegu. Mkeo kawekwa miguu juu mbele ya watu watatu asiowajua, kaka yangu, wewe unapewa chumba na mlango unafunga. Aibu ipi?

Nimeambiwa kizazi changu kina uchafu, kuna dada anauza dawa ya kuweka ukeni na mvuke wa kusafisha. Nitumie?

Usitumie. Kama umeshaanza acha leo.

Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, hedhi ndio kazi yake hiyo kila mwezi. Kinachoziba mirija ni makovu, na makovu yanaletwa na maambukizi, klamidia na gono ambazo kwa mwanamke mara nyingi hazitoi dalili yoyote, au maambukizi baada ya kutoa mimba vibaya, au baada ya kujifungua, na huku kwetu Afrika ndio chanzo kikubwa cha wanawake kutoshika mimba. Mvuke haufiki kwenye mirija. Ile dawa unayoweka inaua bakteria wazuri wanaokulinda alafu inafungulia mlango wale wabaya, yani unalipia ugonjwa uleule unaoukimbia. Mwezi uliopita nimepokea dada ana vidonda ukeni mpaka hawezi kukaa, kitu alinunua kwenye status ya WhatsApp. Nikamuuliza mume kapima? Hajapima. Kwahiyo mwanamke kachomwa huku na mwenye tatizo labda hata sio yeye, na wala hatujui, kwa sababu kikopo kile bado kiko kabatini kwetu.

Na umri hausubiri. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki, na baada ya miaka 35 yanashuka kwa kasi idadi na ubora. Kila mwaka unaopotea kwenye mvuke ni mwaka wa mayai.

Majibu ya mume yametoka mabaya. Ndio mwisho?

Sio mwisho, rudieni kipimo baada ya miezi 3 hivi maana mbegu moja mpaka ikamilike inachukua zaidi ya miezi miwili, ukipima wiki ijayo unaona mbegu zilezile. Zikiwa chache kuna dawa, kuna opereshini ndogo ya mishipa, kuna kubadili maisha. Zikiwa sifuri inatafutwa sababu, wengine kiwanda kinafanya kazi ila njia imeziba, hao mbegu zinaweza kuchukuliwa kwenye korodani zikatungishwa nje ya mwili, IVF, teknolojia iliyomleta Louise Brown kule Uingereza mwaka 1978 na siku hizi ipo mpaka hapa kwetu, ila andaa mamilioni. Wengine kiwanda chenyewe kimekufa. Wale wangu walikuwa hawa wa pili. Mbegu za mwanaume mwingine walikataa kwa imani yao, na hilo ni lao sikuwasukuma. Ndio wakaanza kuongelea kuasili, na muda huohuo wakashinda bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, wakaondoka.

Kuasili ni nini hasa? Si tunalea watoto wa ndugu miaka yote?

Kulea ni kulea, kuasili ni amri ya mahakama. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto anakuwa wako kisheria, sio wa kuazima ambaye siku bibi yake akikasirika anamchukua. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, wanakuja kuangalia nyumba, unapitia malezi ya kambo kwanza, yani unaishi na mtoto huku ustawi wakikuangalia, alafu Mahakama Kuu. Asiye ndugu wa mtoto awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21. Kwa Waislamu kuna kafala, unamlea na kumtunza lakini nasaba yake inabaki ya baba yake, Kenya wameiweka kwa jina lake kwenye Sheria ya Watoto ya 2022. Muulizeni sheikh wenu mapema kabla hamjajaza fomu, sio baada.

Sista sisi tuko Marekani, dada yangu kijijini ana watoto watano katupatia mmoja tumlee. Tumchukue tu?

Hapana. Hili ndilo lililowakwamisha wale wangu kwahiyo soma taratibu.

Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili kimataifa, kwahiyo Marekani wanatumia utaratibu wao wa mtoto yatima. Mwombaji lazima awe raia wa Marekani, grini kadi haitoshi. Mtoto kwa kawaida awe chini ya miaka 16 ombi linapoingia, na awe yatima kwa maana ya sheria yao. Mtoto wa dada yako ana mama na baba wazima wanaomlea, huyo sio yatima hata kama wanakula mlo mmoja. Njia nyingine ni uwe umeshamuasili, umeishi naye na kuwa na haki ya malezi yake kisheria kwa miaka 2, sasa wewe uko Texas mtoto yuko Korogwe utaishi naye vipi?

Alafu geuka upande wetu. Ukichukua uraia wa Marekani wa Tanzania unaupoteza, unakuwa mgeni, na mgeni anayetaka kuasili hapa anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Wale wangu walishakula kiapo cha uraia ndipo wakayajua haya. Mke alilia kwenye simu mpaka nikakosa la kusema. Wamerudi, mume kapata kazi Arusha, wanahesabu miaka yao mitatu na wako wa pili. Mke sasa ana miaka 43.

Rudi nyuma uangalie. Kama yule baba angepimwa mwaka wa kwanza, wangeasili wakiwa hapahapa Dar, raia wa nchi yao, na grini kadi ilivyotoka wangeondoka na mtoto kama mtoto wao. Kikopo kimoja.

Kuna mtu anasema anaweza kutupatia kichanga haraka, tumpe hela tu.

Huyo anauza mtoto. Nendeni polisi au ustawi wa jamii. Wala msije kuniomba mimi wala mkunga yeyote tuandike tangazo la kizazi kwa jina la mwanamke ambaye hakuzaa, mnaniomba twende jela wote, na kuna mama mahali fulani anamtafuta mwanae. Hizi njia za mkato ndizo zilizochangia nchi kufunga milango hata kwa waliofuata sheria: Rwanda ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni mwaka 2010, Kongo ya Kinshasa ilizuia vibali vya kutoka mwaka 2013 familia zikiwa zimeshapewa hukumu mkononi, Kenya ikasimamisha 2014, Ethiopia ikapiga marufuku kabisa 2018.

Mtoto tunayetaka kumuasili ana miezi 7, kipimo cha VVU kimeonyesha anao. Tumrudishe?

Msimrudishe! Jamani kuna mtoto alirudishwa makao kwa jibu hili na alikuwa hana kitu. Chini ya miezi 18 kile kipimo cha haraka kinasoma kinga za mama yake zilizobaki kwenye damu. Anatakiwa apimwe DNA PCR, hicho ndicho kinatafuta kirusi chenyewe. Na akiwa nao kweli, ARV zipo bure na anakua anasoma anaoa. Muulizie pia selimundu, homa ya ini B na kadi ya chanjo, sio ili mumkatae, ni ili mjue mnampeleka kliniki gani.

Ni kweli ukiasili mimba inakuja yenyewe?

Wengine inatokea, kama ambavyo ingetokea bila kuasili. Mirija iliyoziba pande zote haizibuki kwa sababu kuna mtoto sebuleni. Usimchukue mtoto wa watu kama dawa.

Mimi ni mwanaume, nimesoma yote. Ukweli naogopa majibu.

Nakuelewa kaka yangu, na asante kwa kusema, wengi hawasemi wanagomba tu. Yule baba naye aliniambia hivyohivyo siku ile, mikono inatetemeka. Majibu tunakupa wewe mwenyewe chumbani, hatutangazi. Kaa siku tatu bila kumwaga, njoo asubuhi kabla ya saa tatu foleni haijajaa, njoo na mkeo. Kikopo tutakupa sisi.