Mjadala wa mazingira kwenye tamasha uanze na tamasha lenyewe

Kazi yangu kwenye taasisi ni elimu ya mazingira kwa umma, kwahiyo kila msimu wa matamasha ya muziki na sanaa naitwa kukaa kwenye jopo, na mara nyingi mada wanayonipa ni kubwa kuliko hema lenyewe, mabadiliko ya tabianchi na mustakabali wa dunia, mambo kama hayo. Watu wanasikiliza kwa heshima dakika kumi hivi alafu wanaanza kuchungulia ratiba waone nani anapanda jukwaani jioni. Siwalaumu hata kidogo. Mtu amesimama kwenye majani yaliyokanyagwa mpaka yamelala, ananusa moshi wa dizeli, ameshika kikombe hajui akitupe wapi, na wewe unamhubiria barafu ya ncha ya kaskazini. Umeruka kitu kilichopo mbele ya macho yake ukaenda kumtafutia cha mbali.

Kwahiyo siku hizi nikiitwa nawaomba waandaaji kitu kimoja, mjadala uanze na tamasha hili hili tulilopo, umeme wake, taka zake, maji yake na namna watu walivyofika, na uongozwe na namba zake. Hapo ndipo watu wanapoamka.

Hili nilijifunza kwa mama mmoja wa timu ya kuchambua taka. Tulikuwa kwenye jopo, tunaongelea "vikombe rafiki wa mazingira", yeye alikuwa amesimama pembeni na glavu zake, akaomba maiki. Akanyanyua vikombe viwili, vyote vyeupe vya kuonyesha ndani, akasema hiki kimoja ni plastiki ya kawaida na hiki kingine wanasema kinaoza, nani hapa anaweza kunitofautishia? Vikapitishwa mkono kwa mkono. Watu wakavibonyeza, wakavigeuza chini kusoma maandishi, mmoja akavinusa. Hakuna aliyeweza, na mimi pia sikuweza mpaka nilipovaa miwani nikaona maandishi madogo kitakoni. Akasema sasa mimi nachambua maelfu usiku, kwa tochi.

Alichokisema ndio tatizo lenyewe. Vile vikombe "vinavyooza" vingi vimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa PLA, inatokana na mimea kama mahindi, ni kweli, lakini ili ioze vizuri inahitaji kiwanda cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60 za sentigredi kwa wiki kadhaa. Ukiitupa kwenye shimo la mboji la nyuma ya nyumba inakaa tu pale, ukiitupa baharini nayo inakaa, na ikichanganyika na chupa za plastiki ya kawaida zinazoenda kurejelezwa inaweza kuharibu mzigo mzima. Kama eneo lenu halina kiwanda cha namna hiyo basi mmelipia zaidi kununua taka ile ile. Kinachofanya kazi ni kikombe kigumu cha kurudisha, mtu anaweka dhamana, akirudisha anapewa hela yake, kinaoshwa kinarudi kaunta. Na hapo pia ule ukweli wote usemwe, kikombe kigumu kimekula plastiki nyingi zaidi kukitengeneza kwahiyo faida inaanza kuonekana kikishatumika mara kadhaa. Mkikichapisha jina la tamasha na mwaka, kikawa kizuri, watu wanakwenda nacho nyumbani kama kumbukumbu na hesabu yote inaharibika. Kiacheni kitupu, kisiwe na mwaka, kitumike na mwakani.

Tukitoka kwenye vikombe twende nyuma ya jukwaa, sehemu ambayo wengi hawafiki. Asubuhi ya saa nne, hakuna muziki, jenereta kubwa linanguruma peke yake, ukifuata waya unakuta linalisha friji mbili, taa za ofisi na chaja za simu. Jenereta la kubeba jukwaa zima huwa linachaguliwa kwa kuangalia ile dakika ambayo spika zote na taa zote zimewaka pamoja, saa zilizobaki linafanya kazi chini sana ya uwezo wake, na injini ya dizeli ikikaa muda mrefu na mzigo mdogo haichomi mafuta vizuri, inatoa masizi, inajiharibu yenyewe. Mafundi mitambo wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote anayekaa kwenye jopo. Ndio mana nasisitiza fundi wa jenereta akae mbele na yeye, apewe maiki. Muulizeni swali moja tu, jana limekula lita ngapi? Akiwa na jibu mna mahali pa kuanzia. Akiwa hana, basi kazi ya kwanza ni kufunga mita au hata daftari na kalamu.

Kwasababu hesabu yenyewe sio ngumu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Tuseme jenereta linakula lita 20 kwa saa, linawaka saa 14 kwa siku, siku tatu, hiyo ni lita 840, zidisha, unapata kama tani 2.3. Ukiweka jenereta dogo au betri kwa ajili ya usiku na asubuhi, ukabadilisha taa za zamani za wati 1000 kila moja ukaweka za LED, unapunguza sehemu kubwa ya hizo lita na bajeti ya mafuta inashuka pia, hapo hata mhasibu atawaunga mkono.

Sasa shikeni hiyo tani 2.3 kichwani, maana inayofuata ndiyo inayowashtua watu kila nikiipiga ubaoni. Tuseme watu 5,000 wamekuja kwa magari 2,000, kila gari limetembea kilomita 300 kwenda na kurudi, linakula lita 8 za petroli kwa kilomita 100. Kila gari limechoma lita 24, na lita ya petroli inatoa kama kilo 2.3, kwahiyo kilo 55 kwa gari, magari yote ni kama tani 110. Tani 110 kwa 2.3! Ile mitambo inayopiga kelele mbele yetu ni kitu kidogo ukilinganisha na barabara iliyotuleta. Na sio mfano wangu tu wa ubaoni, ripoti ya sekta ya matamasha ya Uingereza ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba usafiri wa watazamaji unaweza kufika hadi asilimia 80 ya gesi joto yote ya tamasha. Alafu angalia, wale wale 5,000 wakikaa wanne kwenye kila gari magari yanakuwa 1,250, tani zinashuka mpaka 69. Hujawanyima kitu, hawajabadilisha hata wimbo mmoja, umeokoa zaidi ya tani 40, ambazo ni mara kumi na saba ya jenereta. Wakipanda mabasi ndo kabisa.

Hapa kuna mtu huwa ananyanyua mkono anauliza, sasa si bora msifanye tamasha kabisa? Ni swali la haki na nalijibu kwa uzito wake. Watu wanahitaji kukutana, wanahitaji muziki, na mikusanyiko ya namna hii ni sehemu chache ambapo maelfu ya vijana wanakaa pamoja bila kuitwa na chama wala shule. Mimi naitaka iendelee. Lakini kuitaka iendelee ndio kunanifanya nidai namba zake, kwasababu kitu kisichopimwa mwisho wake kinapigwa marufuku na watu waliochoka na takataka zake, na majirani wana haki hiyo.

Kuna waliopima na tunaweza kujifunza kwao. Kundi la muziki la Massive Attack la mji wa Bristol, Uingereza, liliwapa kazi watafiti wa mambo ya tabianchi wa Tyndall Centre kuchambua ziara za muziki, ripoti ikatoka 2021, na Agosti 2024 wakafanya onyesho kubwa la wazi mjini kwao likaendeshwa kwa betri, hawakuweka maegesho ya magari, tiketi za mwanzo wakawapa kwanza wakazi wa karibu, na zikapangwa treni za ziada za kuwarudisha watu usiku. Ukiangalia utaona nguvu nyingi waliipeleka kwenye safari ya mtazamaji, sio kwenye mabango. Bendi ya Coldplay nayo ilitangaza 2021 kwamba wanataka kupunguza nusu ya gesi joto inayotokana moja kwa moja na ziara yao, na 2024 wakarudi na namba, upungufu wa asilimia 59 wakilinganisha onyesho kwa onyesho na ziara yao ya 2016 na 2017. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu ndege wanazopanda na mashabiki wanaosafiri mbali kuwafuata, na ubishi huo ni mzuri kabisa, lakini unawezekana kwasababu waliweka ahadi yenye namba alafu wakarudi kuisema hadharani. Bila namba mngebishania nini?

Glastonbury pia, lile tamasha la shambani kule Uingereza, mwaka 2017 ziliuzwa zaidi ya chupa milioni moja za plastiki, 2019 wakaacha kuuza maji na vinywaji baridi kwenye chupa hizo wakaongeza mabomba ya maji, na David Attenborough, yule mzee mtangazaji wa filamu za wanyama na mazingira, akapanda jukwaa kuu kuwashukuru watu. Watu wengi wanakumbuka ule ujio wa mzee. Mimi nakumbuka mabomba. Huwezi kumkataza mtu chupa kama maji yako mbali na foleni ni ya nusu saa, atanunua ya magendo getini na ana haki, ana kiu.

Na katikati hapo, 2018, hawakufanya tamasha kabisa, shamba lilipumzishwa. Hii ya ardhi inasahaulika sana kwenye mijadala. Miguu ya maelfu na matairi ya malori yanashindilia udongo, zile nafasi ndogo za hewa na maji zinazibwa, mizizi inakosa pumzi, mvua ikinyesha maji hayazami yanatiririka na udongo wa juu. Mti mkubwa unaweza kuonekana mzima siku ya tamasha alafu ukaanza kukauka juu miaka kadhaa baadae na hakuna anayekumbuka kwamba lori la spika lilipaki juu ya mizizi yake. Zungushieni miti uzio mpaka pale kivuli chake kinapoishia, ni kamba na vigingi tu.

Maji nayo. Watafiti walipima mto unaopita kwenye shamba la Glastonbury 2019 wakakuta mabaki ya dawa za kulevya, na wiki moja baada ya tamasha kiwango cha aina moja kilikuwa kimepanda mara nne, chanzo kikiwa watu kukojoa ovyo chini, na kuna hofu kwa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wanaoishi mtoni humo. Vyoo vya kutosha, vyenye taa, karibu na majukwaa, ni kazi ya mazingira kama kupanda miti. Na mahema ya bei rahisi yanayoachwa yamesimama kana kwamba kuna shirika litakuja kuyachukua, umoja wa matamasha huru ya Uingereza mwaka 2019 ulikadiria mahema 250,000 yanaachwa kila mwaka kwenye matamasha ya nchi hiyo, mengi yanaishia dampo.

Sasa mjadala wenyewe ukaeje. Usiwekwe saa ambayo msanii mkubwa anapiga, na usiwe mbali kule mwisho wa uwanja kwenye jua. Alasiri, kwenye kivuli, dakika 40 zinatosha. Wataalamu kama mimi tuwe mmoja, tusizidi, waliobaki wawe fundi wa umeme, mchambua taka, dereva au mtu wa usafiri, na jirani anayebaki pale wageni wakishaondoka, yule ambaye usingizi wake na kisima chake vipo mashakani. Muandaaji mwenye mamlaka ya kusaini hela awepo pia, akae mpaka mwisho, kwasababu nimeona mara nyingi anafungua mjadala anaondoka na maswali yote mazuri yanabaki kuulizwa viti. Wasiopenda kuongea wapewe karatasi waandike. Na mwisho wa mjadala pasitoke maazimio ishirini, litoke jambo moja lenye namba na jina la atakayelibeba, liandikwe ubaoni getini kila mtu alione.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye lile tamasha la yule mama. Kwenye ubao waliandika "lita za dizeli mwaka jana" na namba, chini yake "mwaka huu" na nafasi wazi ambayo fundi alikuwa anakuja kuijaza kila asubuhi kwa chaki, na nikaona vijana wanasimama kuisoma kabla hawajaingia. Yeye nilimkuta kwenye meza yake ya kuchambulia, ana kikombe cha aina moja tu, kigumu, kitupu hakina maandishi. Nikamuuliza kazi imekuwaje. Akaniambia jana alilala saa sita ya usiku.